Mikungu Iliyolazwa Katika Chumba cha Baridi

Niliamini, na ningekula kiapo mbele ya hakimu yeyote, kwamba Wazungu wa Kisangani hawakuzeeka kwa sababu kila mwaka walilala wiki nzima ndani ya chumba cha baridi. Nilijua mpaka walivyopangwa humo: jibini upande wa kushoto, nyama ya kondoo katikati ikining'inia, na mkurugenzi wa ghala la vyakula upande wa kulia juu ya rafu, mikono kifuani, kofia juu ya tumbo. Tonton yangu, ndugu mdogo wa mama, aliyepiga deki katika ghala lile kabla yangu, aliapa kwamba alimwona kwa macho yake akitoka humo asubuhi moja, akikung'uta barafu kwenye masharubu kama mbwa aliyetoka mtoni, huku akidai kahawa.

"Na uso?" nilimwuliza.

"Uso? Mutoto wa jana! Mashavu inangaa, we!"

Ushahidi ulikuwa unatembea mbele yetu. Mkurugenzi alikuja mjini mimi nikiwa mtoto wa kuchezea matope. Nikakua, nikaota ndevu, nikaoa, na yeye nywele zake zilikuwa nyeusi vilevile kama viatu vya askari siku ya gwaride. Baba yangu, wa umri wake, alikuwa na mvi mpaka kwenye nyusi, na meno yake yaliyobaki yalikuwa hayajuani. Ulipokuja uhuru, mkurugenzi akakimbia akiwa na sanduku moja na viatu visivyofanana, tukasema: basi, sasa atazeeka njiani, atafika kwao akiwa na ndevu za nabii. Baada ya miezi akarudi. Nywele nyeusi! Tonton alinitazama tu.

Na msidhani nilikuwa mjinga. Nilikuwa na cheti cha masomo ya jioni, chenye muhuri mkubwa kama sahani ya wali. Nilisoma Kifaransa, hesabu, usafi wa mwili, na kusoma kipimajoto, na katika kipimajoto nilishinda darasa zima. Kwa cheti hicho nikapewa kazi ya karani wa chumba cha baridi. Kila asubuhi nilisimama mbele ya mlango ule, mzito kama tembo aliyelala, nikasoma kipimajoto, nikatangaza namba kwa sauti kama muadhini: "Mbili!" Siku mbaya: "Tatu!" Mkurugenzi akiwa ofisini anajibu, "Bon," na kazi inaanza.

Kilichonimaliza kabisa ni pomme, yale matufaha ya Ulaya. Yalikuja kwa meli na treni kutoka nchi ambayo hata jua lake lina haya, yakaingia chumbani na wekundu wa kucha za bibi harusi, yakakaa miezi, yakatoka na wekundu uleule. Wakati huohuo papai uliloliacha mezani kwako asubuhi, jioni linakutazama kwa jicho bovu. Nikakata shauri: ndani ya chumba kile wakati umekaa kitako. Hautembei. Ukiingiza kitu, hata kiwe nini, unakikuta kama ulivyokiacha.

Kisha uasi ukaingia mjini. Mkurugenzi akaondoka mara ya pili, na safari hii hakurudi. Alinipa ufunguo mkononi, akasema, "Angalia hii mpaka nirudi." Niliuangalia. Waasi walikuja siku ileile, wakanikuta nimesimama mlangoni na cheti changu mfukoni, wakaniambia nifungue, nikafungua kabla hawajamaliza sentensi. Walibeba nyama, siagi, jibini ambalo walilinusa na kulitupa barabarani, na pomme zote. Wakaniachia chumba kitupu na ufunguo. Lakini umeme wa maporomoko ya Tshopo haukujua kwamba serikali imebadilika. Uliendelea kuja, mashine ikaendelea kuunguruma, na kila asubuhi mimi niliendelea kwenda kusoma kipimajoto cha chumba kisicho na kitu. "Mbili," nilisema peke yangu. Hakuna aliyejibu "Bon."

Ningeweza kucheka nayo hiyo, na nilicheka, mpaka binti yetu alipopata surua.

Alikuwa mtoto wetu wa kwanza, na alikuwa bado hajaanza kutembea vizuri. Surua ilimkuta mnene, ikamwacha macho na mbavu. Kinywa chake chote kilikuwa vidonda, kuanzia midomo hadi kooni. Mke wangu alikuwa amekwisha kukaukiwa maziwa kwa hofu na njaa, na ya kopo yalikuwa yameisha madukani. Tulimpeleka hospitali, ambako daktari alikuwa hayupo tena. Muuguzi aliyebaki alimfungua mdomo, akatazama, akaufunga taratibu.

"Surua imeisha," alituambia. "Sasa iko kula tu. Akikula, atabaki. Asipokula, mi siko na kitu ya kumupa."

Tukarudi nyumbani na hukumu hiyo. Uji wa mahindi aliutema. Maji ya mchele aliyatema. Mhogo, hata ukipondwa laini kama poda, ulimchoma akalia bila sauti, maana hata sauti ilikuwa imekwisha. Kitu kimoja tu alikipokea: bitabe, zile ndizi tamu, ikiwa imeiva hasa, imepondwa kwa kidole na kutiwa maji kidogo. Alikula moja asubuhi, moja jioni, akafumba macho, akalala. Tulimtazama akimeza kama watu wanaotazama mtu akivuka daraja la kamba.

Kwa hiyo maisha yake yakawa ndizi. Na ndizi zilitoka mtoni. Mama mmoja wa Yanonge alikuwa bado akipanda na pirogi yake, mtumbwi wa kuchonga, mpaka kwenye ufuko wetu, akipita kando kando ya visiwa ili asipigwe risasi. Asubuhi moja alitua, akaniambia bila hata kunisalimia:

"Papa, leo njo mwisho. Mto imefungwa, na kwetu banakamata pirogi. Chukua yote ao acha yote."

Nilichukua yote. Nilimpa baiskeli yangu, baiskeli ambayo mji mzima ulinitambua kwa kengele yake kabla sura yangu haijatokea, na yeye akanipa mikungu minne ya bitabe, mibichi, ya kijani cha kung'aa. Akaipakia baiskeli ndani ya pirogi, gurudumu moja likining'inia nje, akaondoka. Sikumwona tena.

Mikungu minne ni ndizi nyingi kuliko vidole vya ukoo mzima. Ungesema tumeokoka. Lakini yeyote aliyeishi chini ya mabati ya Kisangani anajua taabu iliyokuwa mbele yetu. Nilikuwa nimeng'oa kipimajoto cha akiba ghalani, nikakitundika ukutani chumbani kwetu. Mchana kilisoma thelathini na tatu, na siku ya jua kali niliona kama kinataka kutoroka juu ya kioo. Kwa joto lile mkungu hauivi, unalipuka. Jumatatu ni wa kijani, Jumatano wa manjano, Ijumaa nzi wamekuja na jamaa zao wote. Ndizi zote zitaiva pamoja, mtoto atakula mbili kwa siku, sisi na majirani tutakula zilizobaki kabla hazijaoza, na baada ya hapo? Mto umefungwa. Hakuna mkungu mwingine.

Nilipiga hesabu mpaka kichwa kikauma, na kila nilipoimaliza, mtoto alikuwa amekufa mwishoni mwake.

Ndipo nikakumbuka chumba. Niliruka kitini kwa furaha nikagonga kichwa kwenye boriti.

"Mama ya mutoto!" nilimwita mke wangu. "Tumepona! Tutaweka ndizi mu frigo! Pomme inakaa miezi. Ndizi nayo ni tunda. Kila siku nitaleta chane moja, tunaivundika, inaiva, mutoto anakula. Mpaka vita iishe!"

Mke wangu alikuwa na mtoto mapajani, akimpepea. Alinitazama kwa macho ya mtu ambaye hana tena nguvu ya kuuliza maswali.

"Unajua kweli?"

"Nina cheti!"

Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa na neno. Alikuwa wa familia za zamani za Kiislamu mjini, mwanamke wa kunyooka, na hodari wa kuvundika: alichimba shimo nyuma ya nyumba, akalitandika majani makavu ya mgomba, akafukiza moshi kidogo, akapanga ndizi mbichi, akafunika kwa udongo, na alipofunua zilikuwa za manjano zote, si moja imebaki nyuma. Nilidhani atapinga. Kumbe hakuwa na shida yoyote na baridi. Naye aliisikia habari ya mkurugenzi, na aliiamini kuliko mimi.

"Peleka," alisema. "Lakini mukungu moja munaniachia. Arobaini ya kaka yangu inakaribia. Batu batakuja kusoma dua, siwezi kubarudisha mikono mitupu."

"Mama, mutoto…"

"Mutoto iko na mitatu. Maiti iko na moja."

Huwezi kubishana na mama mkwe aliyefiwa. Akachukua mkungu wake, akautundika ndani ya banda la mitungi ya maji, kibanda cha udongo nyuma ya nyumba chenye paa la majani ya ndele, kwa sababu ndani ya nyumba hapakuwa na boriti iliyobaki tupu. Mimi nikabeba mitatu ndani ya kitunga, kikapu kikubwa.

Kwenye kizuizi karibu na soko nilisimamishwa na vijana wawili wa uasi, matawi kichwani, macho mekundu.

"Simama! Mu kitunga iko nini?"

"Ndizi, chef."

"Mbivu?"

"Mbichi."

"Unapeleka wapi?"

"Mu frigo."

Yule kijana alichungulia ndani ya kitunga. Akamgeukia mwenzake. "Kuja kusikia. Huyu papa anapeleka ndizi kulala mu baridi."

"Iko na homa?" mwenzake aliuliza.

Walicheka mpaka mmoja akaegemea bunduki yake. Kisha kicheko kikakatika, kama kinavyokatika kwa watu wenye silaha, na yule wa kwanza akachoma kisu chake katikati ya mkungu kutafuta risasi alizodhani nimezificha. Kilitoka na utomvu. Nikawaambia juu ya mtoto. Niliwaambia yote, mpaka vidonda vya kooni.

"Akipona utamupa jina yangu?"

"Nitamupa, chef. Saa hii hii."

"Iko mwanaume?"

"Mwanamuke."

"Basi acha," alisema, akanipungia mkono nipite.

Nikaingiza mikungu mitatu, nikailaza juu ya ile rafu ya kulia ya mkurugenzi. Nilifunga mlango. "Mbili!" nilitangaza, na kwa mara ya kwanza tangu uasi nilijisikia mtu mwenye kazi.

Siku za mwanzo nilikuwa nakwenda kuzitazama tu, kama baba anavyofungua pazia la kitanda cha mtoto. Nyumbani tulikuwa na chane ambazo mama mkwe alizikata kwenye mikungu mitatu na kuzivundika kabla sijaondoka, na mtoto alikula hizo. Zilipokaribia kwisha, nikaona kule chumbani kijani cha ndizi kimefifia. Hakikuwa cha manjano. Kilikuwa cha kijivu, cha moshi, kama rangi ya mtu aliyesimama sana kwenye mvua. Nikajiambia: zimelala usingizi mzito. Mkurugenzi naye, nani ajuaye alikuwa na rangi gani akiwa humo ndani?

Nikaleta chane ya kwanza nyumbani. Mama mkwe akaivundika kwa mkono wake uleule usiokosea. Alipofunua shimo, sote watatu tuliinama kutazama. Ndizi zilikuwa nyeusi. Nyeusi kote, ngozi kama ya kiatu kilichokauka. Nikamenya moja: ndani ilikuwa ngumu, nyeupe, kama kizibo cha chupa. Haikuwa na harufu. Mke wangu akaponda kipande mpaka kidole kikauma, akatia maji, akamlisha mtoto. Mtoto alikishika mdomoni kidogo. Kisha akakitema, akageuza uso ukutani.

"Bado hazijaamka," nilisema.

"Amsha basi!" mke wangu alinipigia kelele, mwanamke ambaye hakuwahi kunipandishia sauti. "Karani! Amsha!"

Nilikimbia ghalani, nikaleta chane nyingine, na nyingine. Tulizifunga ndani ya blanketi. Tuliziweka juani juu ya mabati. Nilizivika koti langu la siku ya kupokea cheti, nikazilaza kitandani katikati yetu, nikazipepea kwa pumzi yangu kama mtu anayefufua moto. Mama mkwe alizifukiza moshi mpaka nyumba nzima ikakohoa, akazisomea. Nadhani hakuna ndizi duniani zilizopewa heshima kama zile, hata mezani kwa gavana. Zilizidi kuwa nyeusi. Baadhi zilioza kutoka nje huku ndani zikiwa bado mbichi, jambo ambalo nilidhani haliwezekani.

Nikarudi chumbani kutazama zilizobaki. Zilikuwa zote rangi moja, zimelala pale kwenye rafu ya mkurugenzi kama samaki wa mkaa. Nilikaa sakafuni. Kipimajoto kilisoma mbili, hasa mbili, hakukuwa na kosa lolote. Nilifanya kila kitu sawa. Nilikaa pale mpaka meno yakaanza kugongana, na nakumbuka wazo lililonipitia, la mtu aliyechanganyikiwa: nimlete mtoto hapa, nimlaze, wakati ukae kitako, mpaka vita iishe na mto ufunguliwe na mama wa Yanonge arudi. Nililiwaza kabisa. Nilisimama, nikapangusa rafu kwa mkono. Na hapo, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umegusa zile ndizi nyeusi, nikaogopa nikatoka nje mbio, nikaacha mlango wazi kwa mara ya kwanza katika kazi yangu.

Nyumbani mtoto alikuwa hajala tangu jana yake. Alikuwa halii tena. Mke wangu alikuwa amemweka begani na hakumtazama usoni. Mlangoni alisimama jirani mmoja, amekuja kukaa nasi, na nilijua maana ya jirani kuja kukaa kabla hajaitwa.

Mama mkwe alituangalia sote. Akatoka nyuma. Tukamsikia akisogeza mitungi.

Aliporudi alikuwa na chane moja mkononi, ya juu kabisa ya mkungu wa arobaini. Ilikuwa ya manjano. Manjano yenye madoadoa madogo ya kahawia, na harufu yake ilifika kabla yake. Chini yake, alisema, chane ya pili ilikuwa inaanza kugeuka, na za chini zilikuwa bado za kijani. Siku zote zile mkungu ule ulikuwa ukining'inia juu ya mitungi bila mtu kuutazama, unaiva polepole, ngazi kwa ngazi, kama unaotusubiri.

"Mama, arobaini…" mke wangu alianza.

"Kaka yangu alikuwa na meno muzuri, alishakula za kutosha," mama mkwe alijibu, tayari akimenya. "Atavumilia."

Aliponda kwa kidole, akatia maji ya mtungi, akampaka mtoto kwenye ulimi. Mtoto hakufanya chochote. Akampaka tena. Nilishika fremu ya mlango mpaka kucha zikaingia kwenye mbao. Mara ya tatu koo lile dogo likapanda, likashuka.

Mkungu ule ulimlisha mpaka vidonda vikafunga na akakubali uji. Watu wa dua walipokuja, walipewa maji ya mtungi, wakayanywa, wakasoma kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Miaka mingi nimesimulia habari hii, na kila baada ya miaka michache nimeongeza mkungu mmoja. Nadhani sasa imeshafika kumi na miwili, na kizuizini kuna mzinga wa vita. Juu ya zile ndizi nyeusi nilikuwa na maelezo yangu: kijana alizichoma kisu, roho ikatoka. Au chumba kilikuwa kimezoea Wazungu. Jumapili moja niliisimulia tena mbele ya wageni, na binti yangu alikuwepo, amekuja kutusalimia kutoka Yangambi ambako alisomea kilimo. Alikuwa akimenya ndizi. Alingoja wageni wamalize kucheka.

"Papa, mu banda ya koko, bibi yangu, uliweka kipimajoto?"

"Pale? Kwa nini? Palikuwa na mitungi tu."

"Maji ya mitungi ilipoza hewa kidogo tu, njo maana iliiva polepole. Baridi haisimamishi wakati, papa. Inapunguza mwendo tu, na kila tunda iko na kipimo yake. Pomme ni ya nchi ya baridi, inavumilia mbili. Ndizi ni ya joto. Ukiishusha chini ya kumi na tatu hivi na kuiacha pale, inaumia ndani, haiivi tena hata ukiivundika namna gani."

Nilitazama ndizi iliyokuwa mkononi mwake. Wageni pia.

"Na mukurugenzi?" nilimwuliza mwishowe.

"Alikuwa anapaka nywele rangi," alisema, akanipa nusu ya ndizi.